Jioni ya Mavazi Rasmi Melini: Mwanamume Avae Nini?

Barua za mwezi huu zimekuja na jambo ambalo zamani niliulizwa na mabaharia peke yao. Siku hizi wazee wetu wanasafirishwa na watoto walioko Ulaya na Marekani, na vijana wanaenda fungate baharini, basi swali limefika kwa kila mtu. Ninajibu kama fundi wa suti wa Mtaa wa Biashara, Mombasa. Miongoni mwa wateja wangu wako vijana wetu wanaohudumu kwenye meli za kitalii. Wakija likizo hunisimulia wanayoyaona mezani usiku hadi usiku, na mengi ya haya nimeyapata kwao.

*

Fundi, salamu kutoka Tanga. Mimi ni mwalimu mstaafu. Binti yangu ni muuguzi Southampton na kaka yake anaishi New Jersey. Wamechanga watupeleke mimi na mama yao kwa meli ya Queen Mary 2 kutoka Southampton hadi New York, usiku saba. Maelezo ya safari yanataja jioni za gala, yaani za mavazi rasmi, na kusema wanaume wavae taksido, ile suti ya jioni yenye kola ya satini, au suti nyeusi. Suti ninayo moja, ya kahawia, niliyoshonewa nilipostaafu. Kanzu ninazo nzuri. Mwanangu anataka nikodi taksido Uingereza, na mama watoto anahofu nikivaa kanzu watu watanishangaa. Nishauri.

Shikamoo Mwalimu. Kanzu ichukue, na mama watoto aondoe hofu. Kampuni ya Cunard, wenye meli hiyo, inawaruhusu wanaume kuingia kwenye jioni ya gala kwa taksido, kwa suti ya rangi iliyokoza na tai, kwa sare ya jeshi, au kwa vazi rasmi la taifa lao. Mskoti huja na kilti yake, Mhindi na shervani yake. Wewe ukija na kanzu, koti na kofia umekuja kwa haki iliyoandikwa, na hakuna mhudumu atakayekuuliza kitu mlangoni.

Lakini tuelewane ni kanzu ipi. Kanzu ya kwendea sokoni ibaki Tanga. Chukua ile ya Idi, nyeupe, yenye tarabuzi safi shingoni, na kabla hujaifunga sandukuni ivae usimame mbele ya dirisha lenye jua. Kumbi za meli zina taa kali, na kitambaa chepesi kama melimeli kitaonyesha kila kilicho chini. Ndani vaa fulana nyeupe ya mikono na kikoi cheupe au suruali nyeupe. Mpe fundi wako aupime urefu ukiwa umevaa viatu vile vile utakavyosafiri navyo: upindo uishie kwenye kifundo cha mguu, usiguse kiatu. Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini si bahari yetu ya kaskazi. Meli kubwa namna ile nayo huyumba, na kanzu ndefu kwenye ngazi ni hatari kwa mtu mzima.

Koti ndilo linaloipeleka kanzu kwenye daraja la gala. Liwe jeusi au la buluu iliyokoza, la kitambaa cha sufu, lisilong'aa. Mabega ndiyo roho ya koti. Mshono wa bega uishie pale mfupa unapoishia. Ukipita hapo koti linaonekana la kuazima, ukiishia ndani linakubana ukinyanyua kijiko. Shingoni koti likumbatie kanzu bila kuacha uwazi nyuma. Mikono ya kanzu ionekane kidogo chini ya mikono ya koti, sentimita moja au moja na nusu, na ilingane pande zote mbili. Kofia iwe ya viua, iliyofuliwa na kukaushwa juu ya kibao chake isipoteze umbo. Usiivue mezani. Kofia wanazokataa ndani ya mikahawa ni zile za michezo, na wahudumu wanajua tofauti. Miguuni nakuomba viatu vya kufunika, vyeusi, vya ngozi. Makubadhi nayapenda sana, ila usiku ule sakafu za kumbi husuguliwa ziteleze kwa ajili ya wachezaji dansi.

Safari ya usiku saba huwa na jioni mbili za gala, pengine tatu, na mara nyingi huwekwa siku ambazo meli haina bandari. Katika safari yenu siku zote ni za namna hiyo. Kwa hiyo sikushauri utegemee vazi moja. Kodi ya taksido, Mwalimu, mimi siipendi kwa mtu wa umri wako. Koti la kukodi limekatwa liwafae watu wengi, kwa hiyo halimkai mtu yeyote sawasawa, na wewe utalivaa mara mbili ulirudishe. Fedha hizo mpe fundi wa hapo Tanga akushonee suti ya buluu iliyokoza. Utaivaa melini, na ukirudi utaivaa kwenye harusi za wanafunzi wako kwa miaka mingi. Tafuta sufu nyepesi, yenye uzito wa gramu 240 hadi 280 kwa mita, au mchanganyiko wenye sufu nyingi. Poliesta tupu hukutoa jasho, na ukipigwa picha na taa inang'aa magotini na viwikoni. Wapiga picha wa meli huwa wengi usiku wa gala. Kupigwa ni bure, kununua ni hiari yako.

Pamoja na suti hiyo vaa shati jeupe kabisa na tai nyeusi au ya buluu. Usivae shati la mistari, wala la rangi ya maziwa. Vijana wangu wa melini wanasema kitu cha kwanza wanachokiona mtu akivutiwa kiti ni ukosi wa shati, cha pili viatu. Ukosi ukiwa umechakaa, geuza au nunua shati jipya. Kati ya ukosi na shingo kiingie kidole kimoja, visiingie viwili.

Suti ya kahawia isikutie huzuni. Usiku zisizo za gala, baada ya saa 12 jioni, wanataka mwanamume avae koti au blezi na shati lenye kola, na tai si lazima. Hapo suti yako ya kustaafia imekaa mahali pake hasa. Na usiku ukichoka kabisa, usijione umefungiwa chumbani. Mkahawa wa kujipakulia unaoitwa Kings Court hauna masharti ya gala. Unakula kwa shati na suruali yako ya kawaida, hakuna anayekukagua.

Sasa ufungashaji, maana hapo ndipo nguo nzuri huharibikia. Siku ya kupanda meli mabegi makubwa hukabidhiwa wapagazi wa bandarini na hukufikia chumbani baadaye, wakati mwingine jioni. Suti, shati moja jeupe na dawa zako viwe kwenye begi la mkononi. Koti lipindue bitana ije nje, bega moja liingie ndani ya jingine, kisha likunje mara moja tu katikati juu ya nguo laini. Kanzu ikunje kwa kuizungusha, ndani yake uweke karatasi laini. Pasi usibebe. Meli haziruhusu pasi vyumbani kwa kuogopa moto, na walinzi wakiikuta watakaa nayo hadi mwisho wa safari. Queen Mary 2 ina vyumba vya kufulia vya abiria vyenye mashine na pasi, bila malipo. Nenda asubuhi mapema, maana mchana wa siku ya gala foleni huwa ndefu. Mikunjo midogo ya koti huondoka ukilitundika bafuni ukioga maji ya moto, ukaacha mvuke ufanye kazi.

Ushauri wangu wa mpangilio: gala ya kwanza vaa suti, muwazoee mnaokaa nao mezani. Gala ya pili vaa kanzu na koti. Na mama watoto naye afunge kilemba chake cha harusi, msimame pamoja kwenye ngazi kuu mpigwe picha ya kuwapelekea wajukuu.

*

Assalaam aleikum mjomba. Niko Muscat, nimezaliwa huku, wazee wangu ni wa Unguja. Mimi na binamu zangu tunapanda meli Dubai msimu huu wa baridi, siku saba kuzunguka Ghuba. Kuna usiku wa gala. Tuvae dishdasha na kilemba kamili, na jambia kiunoni kama harusini, au tuvae suti?

Waaleikum salaam mwanangu. Vaeni dishdasha, tena kwa fahari. Meli hizo zinaondoka Dubai, kwenye Ghuba yenu kabisa, na wafanyakazi wake wameshazoea kuona mavazi ya Ghuba ukumbini. Nyeupe ndiyo rangi ya usiku rasmi. Zile za kahawia na zambarau vaeni mchana mkishuka Khasab au kwingine. Kilemba kifungwe na mtu anayejua, na kishada cha shingoni kitiwe udi kidogo tu, kwa sababu meza za melini zimekaribiana na wageni wengine hawajazoea harufu kali wakati wa kula. Mwenye joho avae joho. Asiye nalo asiazime la kumvuka mabega.

Jambia liacheni nyumbani. Mizigo yote hupita kwenye mashine kabla ya kupanda, na visu haviruhusiwi hata vikiwa vya mapambo na vya fedha. Litachukuliwa bandarini, na jambia la babu si kitu cha kuacha mikononi mwa watu msiowajua. Mkanda wake pia usivaliwe peke yake, unaonekana umepungukiwa. Joho au kilemba kizuri kinatosha kuonyesha kuwa ni usiku mkubwa.

Binamu atakayependa suti naye asilazimishwe. Suti nyeusi, shati jeupe na tai vinakubalika kabisa, na mkisimama pamoja mtapendeza.

*

Bro fundi, naoa mwaka huu hapa Dar na fungate tunaenda Durban kupanda meli ya siku nne hadi Msumbiji. Suti yangu ya harusi ni nyeupe, kola zina urembo wa dhahabu unaong'aa. Nitaweza kuivaa usiku wa gala? Mshikaji wangu ananishauri ninunue taksido ya mtumba Karume, eti zipo kali na bei poa. Ni kweli?

Hongera mdogo wangu. Ni kweli zipo, na nyingine zimeshonwa vizuri kuliko mpya za dukani. Wazungu wengi hununua taksido wakaivaa mara chache maishani, kisha inaangukia kwenye mabelo yanayokuja kwetu, iwe Karume, Gikomba au Kongowea hapa kwetu. Ila jua unachokitazama, kwa sababu muuzaji atakuambia kila koti jeusi ni taksido.

Taksido ya kweli ina kola iliyofunikwa kwa hariri au satini, na vifungo vyake pia vimefunikwa kwa kitambaa hicho. Suruali yake ina utepe mmoja wa satini ubavuni, haina mapindo chini na haina vishikizo vya mkanda, kwa kuwa haivaliwi mkanda. Hushikiliwa kwa mikanda ya mabegani, na kiuno hufunikwa kwa kizibao kifupi au kwa kamarbandi, mshipi mpana wa kitambaa wenye mikunjo, ambayo maofisa wa Kiingereza waliitoa India walipoona kizibao kina joto. Mikunjo ya kamarbandi hutazama juu. Mafundi wa Savile Row, London, kampuni ya Henry Poole, walimshonea mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza koti fupi la jioni mwaka 1865, na umbo hilo halijabadilika sana tangu siku hizo. Ndiyo maana taksido ya mtumba ya miaka mingi nyuma bado inavalika, mradi kola zake si pana mno. Usishangae ukikuta ya buluu iliyokoza sana. Chini ya taa za usiku inaonekana nyeusi kuliko nyeusi yenyewe, na Duke wa Windsor, aliyewahi kuwa mfalme wa Uingereza, alizipenda kwa sababu hiyo.

Ukiishika, anza na mabega. Bega lisipokukaa, irudishe palepale, hata ikiwa bei ya kutupa. Bega la koti lililokwisha kushonwa ni kazi ngumu na fundi mkweli atakwambia hivyo. Kiuno, urefu wa mikono na suruali hivyo tunavirekebisha. Pindua ndani uone kama mshono wa nyuma ya suruali umeachiwa kitambaa cha akiba. Kisha iinue juu kwenye mwanga: matundu madogo madogo ni kazi ya nondo na hayazibiki yasionekane. Pitisha kidole kwenye satini ya kola. Ikiwa imepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, achana nayo. Nusa makwapa. Harufu iliyokaa miaka kwenye bitana haitoki, hata dobi afanye nini. Kama hujui ni sufu au poliesta, vuta uzi mmoja wa ndani ya mshono, ukauchome nyumbani. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuwa majivu yanayosagika, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Tai ya kipepeo nunua ile ya kufunga kwa mkono, nyeusi. Jifunze kuifunga mbele ya kioo wiki chache kabla ya harusi. Kipepeo cha mkono hukaa upande kidogo, na hicho ndicho kinachompendezesha mtu.

Kuhusu suti ya harusi. Kwenye bahari ya joto koti jeupe la jioni ni desturi nzuri ya zamani, na mwambao wa Msumbiji ni mahali pake kabisa. Sharti lake ni utulivu: kola za kitambaa kilekile cha koti bila mng'ao, suruali nyeusi, tai nyeusi ya kipepeo. Basi nenda kwa fundi aliyekushonea na umuulize kama ana vipande vilivyobaki vya jora lako. Fundi makini huviweka. Baada ya harusi atoe urembo wa dhahabu na kufunika kola kwa vipande hivyo, kazi ya siku moja. Suruali nyeusi utaitoa kwenye ile taksido ya Karume ukiipata, na hapo utakuwa na mavazi mawili ya jioni. Safari fupi namna hiyo huwa na usiku mmoja tu wa kuvaa rasmi, na pengine usiku wa mavazi meupe, kwa hiyo soma ratiba inayoletwa chumbani kila siku. Mchana mkishuka Pomene au Portuguese Island ni mchanga na maji tu, kaptula na ndala zinatosha.

*

Kaka fundi, nakuandikia kutoka Minneapolis. Tunaenda Karibiani na watoto kwa meli ya Carnival. Mume wangu amekataa katakata tai, anasema shingo yake imefungwa kazini mwaka mzima. Ana Kaunda suti ya kijivu iliyokoza aliyotumiwa na kaka yake kutoka Nairobi. Itafaa usiku wa mavazi mazuri, au nimbembeleze?

Dada, usimbembeleze. Carnival wana usiku wanaouita wa kifahari, mara mbili katika safari ya siku sita au zaidi, na kwa mwanamume wanachotaka ni suruali ndefu nzuri na shati lenye kola. Koti na tai wanavipendekeza, hawavilazimishi. Wasichotaka ni kaptula, singlendi, kofia za besiboli na ndala. Siku nyingine mkienda na kampuni ya Norwegian hamtakuwa na usiku wa lazima hata mmoja.

Kaunda suti najua ina maneno. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya aliikataza ukumbini kwake, wakati Rais Ruto mwenyewe akiivaa kwenye shughuli za serikali. Bunge lina kanuni zake. Kwenye meza ya chakula cha usiku melini, Kaunda suti iliyoshonwa vizuri ni vazi kamili, lina heshima na limemwachia shingo yake. Kwa usiku huo iwe ya mikono mirefu. Kama ni ya mikono mifupi, itafaa usiku wa kawaida, na usiku wa kifahari avae shati jeupe la mikono mirefu na suruali yake nyeusi.

Mtazame mgongoni akiwa amekaa, siyo akiwa amesimama. Watu wengi huongezeka kidogo tangu siku waliyopimwa, na kaka mtu alishona kwa vipimo vya simu. Vifungo vikivuta tumboni, mpelekee fundi wa kurekebisha aachie mishono ya ubavuni kabla hamjasafiri. Viatu viwe vyeusi vya ngozi, na soksi ndefu nyeusi zinazofika chini ya goti, akikunja mguu ngozi isionekane.